Bibi Spana Anajibu: Resi, Rangi na Ugomvi wa Nyumbani

Bibi, nikiwa gia ya pili nikavuta resi mpaka mwisho, injini inakata-kata kama ina kwikwi. Fundi wa kijiweni anasema atanifungia CDI isiyo na kikomo, niwaache wenzangu wote. Nikubali? – Mwenye Haraka, Mbagala

Mjukuu wangu, hiyo kwikwi ndiyo rafiki pekee uliyebaki naye. Injini ikifika mizunguko 7,500 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 125 kila sekunde. Ukizidi kuibana, springi zinashindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, na pistoni ikipanda inaikuta valvu bado iko wazi. CDI, kile kisanduku kinachoamuru cheche za plagi, inakata cheche mapema ili hao wawili wasikutane. Ukiondoa kikomo mtaachana kweli: wenzako watakuwa barabarani, wewe utakuwa kwenye benchi la fundi yuleyule aliyekushauri. Badilisha gia, mjukuu. Ya tatu ipo, na umeshailipia.

Bibi, nimepata Yamaha R6 ya mwaka 2006. Saa yake ya mizunguko inafika 17,500, na picha nimeshawatumia ndugu wote. Jirani anasema namba hiyo ni ya uongo. Nimjibu nini? – Mwenye Sifa, Kinondoni

Mjibu "pole", kwa sababu umbea wake safari hii umepatia. Yamaha walitangaza 17,500, kisha wakakiri kwamba saa ilikuwa inatia chumvi. Kikomo cha kweli kilikuwa chini ya hapo kwa zaidi ya mizunguko elfu moja. Kule Marekani walijitolea hata kuzinunua tena pikipiki hizo kutoka kwa wateja walioona wamepunjwa. Wewe usisononeke. Kwenye foleni ya Ubungo saa tisa mchana, unachotumia ni mizunguko 3,000 na soli ya kiatu cha kushoto.

Eti Bibi, pikipiki nyekundu inakimbia kuliko ya bluu? – Mdadisi, Morogoro

Rangi haina nguvu za farasi hata mmoja. Wala haina mkosi: mwaka 1969 Kawasaki walipeleka kwenye mashindano ya Daytona, Marekani, pikipiki za kijani kibichi, rangi ambayo wakati huo wenye mashindano waliikwepa kwa kuogopa nuksi. Leo ukiiona kijani hiyo, unaitaja Kawasaki kabla hujasoma jina.

Bibi, mimi na mke wangu tumechanga kununua pikipiki. Mimi nataka tuipake nyeusi isiyong'aa. Yeye anataka njano, anasema itaonekana na itatuepusha na ajali. Siku ya tatu leo hatusemeshani. – Mwenye Nusu Pikipiki, Tanga

Nyote wawili mmekosea, kwa hiyo mna pa kuanzia mapatano. Nyeusi isiyong'aa haipigwi polishi; ukiisugua inabaki na mabaka yanayong'aa. Njano nayo haimlindi mtu kama mkeo anavyodhani. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, haukuona kwamba rangi ya pikipiki yenyewe inapunguza hatari ya kuumia ajalini. Kilicholeta tofauti ni alichovaa mwendeshaji. Wenye kofia ngumu nyeupe walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Waliovaa vitu vinavyoakisi mwanga au vya rangi inayowaka, pungufu kwa asilimia 37. Taa iliyowashwa mchana nayo ilisaidia, na hiyo ni swichi tu, haina gharama.

Kumbukeni pia kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Mkiibadilisha kimyakimya, siku ya kusimamishwa na trafiki mtatafutana.

Hukumu yangu: pikipiki ibaki na rangi ya kiwandani. Fedha ya rangi inunue kofia mbili nyeupe na vizibao viwili vya kuakisi mwanga, kimoja cha dereva na kimoja cha abiria. Na abiria naye afunge kamba ya kofia, asiishikilie kwa mkono.