Kamati ya Uzamivu Inayokaa Jikoni

Kapera akipata ufadhili wa kusomea uzamivu, kazi yake ni kufunga begi. Mwenye ndoa huitisha kikao, na mwenyekiti wa kikao si yeye.

Mimi ni mhandisi wa majengo. Riziki yangu ni zege na nyufa zake. Barua za vyuo zilipoanza kuingia, nilichora jedwali kwenye kompyuta: safu ya maabara, safu ya machapisho ya msimamizi, safu ya posho, kila moja na maksi zake. Chuo kimoja cha Minnesota, Marekani, kikaongoza kwa mbali. Ada wanalipa wao, posho wanatoa, na maabara ina mashine ya kugandamiza nguzo nzima mpaka ipasuke. Nikamwita mama watoto aje aone.

Akaangalia, akauliza, "Safu yangu iko wapi?"

Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hababaishwi na mashine. Akavuta kiti, akaongeza safu zake: kazi ya mke, bima ya watoto, nyumba, baridi. Minnesota ikaanza kuporomoka naiona. Mwanafunzi hupewa viza ya F-1, mwenzi wake F-2, na mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi.

"Kwa hiyo baba watoto unapasua nguzo, mimi nimefungiwa ndani nyuzi ishirini chini ya sifuri?"

Nikasema tumsikilize kwanza profesa. Usaili ulifanyika kwa video, nikiwa sebuleni, watoto wamepelekwa kwa jirani. Mambo yalikwenda vizuri hadi profesa alipouliza kama nina swali. Nilikuwa nalo, la kitaalamu, linahusu nyuzi za chuma ndani ya zege. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya pazia la jikoni, kwa Kiingereza safi: "Muulize bima!"

Profesa akacheka, akaijibu jikoni moja kwa moja. Bima ya mwanafunzi hulipwa na chuo; ya mke na watoto, mwanafunzi anajitegemea. Pazia likauliza ni kiasi gani kwa mwezi. Profesa akataja. Huko ndani mfuniko wa sufuria ukaanguka, ukazunguka sakafuni muda mrefu kuliko maelezo yangu yote kuhusu nguzo.

Barua ya Ujerumani ilikuwa chini kabisa ya jedwali, kwa kuwa mashine yao hupasua vipande vidogo tu. Lakini kule mtafiti wa uzamivu wa uhandisi mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba, ana mshahara wa daraja la E13, na mwenzi anayemfuata kwa viza ya familia anaruhusiwa kufanya kazi. Nikajaribu kuitetea nguzo yangu.

"Nguzo nzima inalipa ada ya shule?"

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji kujibu kuhusu ufadhili kabla ya Aprili 15. Kwetu jibu lilitoka kabla chai haijapoa. Na sikubisha sana, maana msimamizi utaonana naye mara moja kwa wiki, akiwa hajasafiri. Mwenzi wako utaonana naye kila usiku kwa miaka minne au mitano, ana kazi au hana.

Mkataba ulipofika, mimi nilikimbilia kipengele cha utafiti, yeye akauliza likizo. Siku 30 kwa mwaka. Akachukua kalenda na kalamu, akazigawa: hizi za kubaki na watoto yeye akiwa darasani akitafuta Kijerumani cha B2, ambacho muuguzi wa kigeni huko kwa kawaida hudaiwa, hizi za homa za watoto, hizi za kuja kumsalimia mama yake.

"Na mimi?"

Akazizungushia duara Desemba 25 na 26. Zote mbili ni sikukuu huko, na chuo kinafungwa.