Jinsi ya kuisaka kelele ya injini kati ya Lodwar na Kakuma

Kelele ikianza tu, gari zima linajaa makanika. Wa mbele atasema nozeli, wa nyuma atasema giaboksi, na aliyekalia mizigo ataapa kwamba gari la binamu yake lilikufa kwa sauti hiyohiyo. Washushe wote kwa heshima, wakapumzike chini ya mgunga. Ukiwasikiliza, utanunua vipuri vitatu na kelele itabaki palepale.

Wakishuka, shusha na mizigo. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na gari kuukuu halikatai kitu: jerikeni, kreti za soda, mbuzi. Jeki isiyofungwa vizuri chini ya kiti hugonga mpaka ukadhani injini imenoki.

Bado inagonga? Weka gia huru, kanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Kelele ikipanda na mafuta, msake mwizi chini ya boneti. Ikisikika gari linapotembea tu, iache injini kwa amani. Kagua magurudumu, bushi na propela shafti. Ikibadilika ukikanyaga klachi, umekaribia: itafute upande wa klachi na giaboksi.

Sasa chukua bisibisi ndefu. Ncha iguse alteneta, mpini uegemee sikio. Kisha pampu ya maji, kisha kifuniko cha vali. Beringi iliyochoka inakwaruza kana kwamba mchanga wa mto Turkwel umeingia ndani. Shuka ifunge kiunoni kabisa, maana feni haina huruma. Hakuna kipimo ninachokiamini kama hiki, na hakina bei.

Kilio cha asubuhi kinachonyamaza injini ikipata moto mara nyingi ni mkanda wa feni. Unyunyizie maji kidogo: kilio kikizidi, umelegea.

Land Cruiser nyingi zilizostaafu kwenye mashirika zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Hapo fundi hulegeza nati za paipu za nozeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma taratibu. Mlio wa kugonga ukififia, silinda ni hiyo. Wewe simama mbali: dizeli yenye presha hupenya ngozi. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Taa yake huwaka kila kilomita 100,000, lakini kuna watu huichomoa balbu wakauza gari. Ukikatika, vali na pistoni hukutana, na vipuri uvifuate Kitale, kilomita kama 300 kutoka Lodwar.

Mlio mzito wa chini, ngo-ngo-ngo, unaokua ukikanyaga mafuta, hauna mjadala. Zima. Pima oili. Usiseme "tufike tu Kakuma". Tafuta kamba uvutwe, hata kama jua limekwisha kupanda na abiria wananung'unika.

Kakuma utapata mikono mizuri. Kambi ya wakimbizi ipo tangu 1992, na gereji zake zina mafundi waliojifunzia kazi Kongo, Ethiopia na Somalia, pamoja na vijana waliosomea magari katika chuo cha Don Bosco palepale. Usimpe fundi jina la ugonjwa. Mwigizie sauti kwa mdomo, bila haya, umwambie inaanza lini na inanyamaza lini. Akimaliza, kabla hujatoa pesa, mwombe kipuri cha zamani ukishike mkononi, ukizungushe, usikie mwenyewe kama kinakwaruza.