Maji Yote Yale na Hakuna Mwenye Ndoo

Portland, Oregon

Mama, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Bibi, shikamoo mara mbili, kwa sababu nina kosa kwako nitakalolieleza huko mbele. Wengine wote wa Chanika na wale wa Korogwe, salamu zimo humu, mgawane bila kugombana.

Jumamosi nimeshindwa na pipa la taka.

Msicheke kwanza. Tulikuwa tumetoka na watoto kwenda kuona ziwa linaloitwa Crater Lake, mwendo wa zaidi ya saa nne kutoka hapa, na kama mnavyonijua sisafiri bila kuku. Tukala, tukashiba, nikabaki na mfuko wa mifupa na maganda ya mayai. Pipa lenyewe ni la chuma, nene kama kabati la fedha la chama cha ushirika. Halina mfuniko wa kuinua wala kitasa cha kuvuta. Mbele lina kijimfuko cha chuma kilichoinamia chini, na ukichungulia ndani yake huoni kitu. Nikalisukuma. Nikalizunguka. Nikalipiga kofi moja la kirafiki, kama tunavyoipiga redio. Wapi! Kumbe unatakiwa utie mkono kwenye kile kijimfuko, kiganja juu, upapase gizani mpaka vidole vikutane na ulimi wa chuma, uubonye, ndipo mlango uachie. Limetengenezwa hivyo ili dubu asiweze kulifungua, maana mkono wake haupiti pale.

Sasa niambieni: mtoto aliyelelewa Handeni atatiaje mkono kwenye tundu asiloliona mwisho? Mama, si wewe uliyenitandika nilipotia mkono kwenye kichuguu, ukaniuliza kama koboko ni mjomba wangu? Nimesimama pale dakika saba na malezi yako. Akaja binti wa miaka mitano hivi, akatia mkono, pipa likafunguka, akatupa karatasi ya aiskrimu akaenda zake, hata hakunitazama. Mke wangu alikuwa garini anarekodi. Msimwombe hiyo video, nimeshamhonga.

Njiani hakukuwa na la kusimulia. Barabara imenyooka, misonobari kushoto, misonobari kulia. Kila gari lilipopunguza mwendo mkono wangu ulishusha kioo wenyewe, ukisubiri mtu akimbie na chungwa lililomenywa, kama stendi ya Korogwe. Hakukimbia mtu. Watoto wakaniuliza baba unasikia joto? Nikasema ndiyo.

Haya, ziwa. Palikuwa na mlima unaoitwa Mazama. Miaka 7,700 hivi iliyopita ulilipuka, ukatapika kila kilichokuwa tumboni, kisha kilele kikakosa cha kuegemea kikatumbukia ndani, kama kichuguu kilichochimbwa na mhanga. Kwa wanaotaka kujua kasoko ya namna hiyo inakuwaje, msiende mbali, waulizeni majirani wa Msomera waliohamia kutoka Ngorongoro mwaka 2022, wao wanaijua. Tofauti ni kwamba shimo la huku limejaa maji mita 592 kwenda chini. Hakuna mto unaoingia, hakuna mto unaotoka. Ni mvua na theluji tu, na theluji yenyewe huanguka zaidi ya mita kumi kwa mwaka. Kwa hiyo, Mjomba, lile ziwa ni simtanki. Wenzetu wamevuna maji ya mvua kama tunavyovuna sisi kwa mfereji wa bati, ila bati lao ni mlima mzima, na wamesubiri tanki lijae miaka kama mia saba. Nawe ulikuwa unagomba masika mawili yakipita bila kujaa!

Nilipofika ukingoni wenzangu walitoa simu wapige picha. Mimi pia nilitoa simu, nikafungua kikokotoo. Samahani, ndivyo macho ya mtu wa Handeni yalivyo: hayaoni mandhari, yanaona madumu. Nimepiga hesabu, ni kama madumu bilioni 935 ya lita ishirini. Mkokoteni wa madumu kumi na mawili utakwenda karibu safari bilioni 78, bila pancha. Na yametulia kule chini, buluu ya wino mpya, hakuna foleni, hakuna anayemwambia mwenzake "ndoo yangu ilikuwa mbele." Njia halali ya kuyafikia ilikuwa moja tu, ikishuka kwa mwinamo karibu kilomita mbili. Nilishuka. Nikanawa uso. Baridi yake ilinitoa neno ambalo Bibi alidhani nimeliacha Tanzania. Wakati wa kupanda kurudi nikaelewa kwa nini hakuna mwenye ndoo.

Ziwa hili lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1902, mwaka uleule reli ya Mjerumani kutoka Tanga ilipofika Korogwe. Nimewaambia watoto, wakaona baba kaanza tena.

Bibi, sasa kosa langu. Kabla ya kufika ziwani unapita uwanda mweupe uliojaa mawe yaliyotoka kwenye ule mlipuko. Mepesi, yana vitundu, yanaelea majini. Ndiyo, yaleyale! Jangwa zima la mawe ya kusugulia miguu! Mpaka jina lake kwenye ramani linatokana na jiwe hilo. Mimi niliyekukumbuka tangu niliposhuka garini nikachagua moja zuri, saizi ya kiganja chako, nikalitia mfukoni. Kitinda mimba wetu, ambaye shuleni wanamlisha sheria badala ya uji, akatangaza kwa sauti ya mwadhini kwamba kuchukua jiwe kwenye hifadhi ni kosa. Askari wa hifadhi alikuwa hatua kumi. Nililirudisha, na nikalilaza kwa upande uleule niliolikuta, kama mtu anayerudisha mtoto kitandani. Endelea na kigae chako cha mtungi, Bibi. Nilijaribu.

Na ninyi mnaolalamika kwamba watu wa bara wanatutania Tanga kwa uchawi: ndani ya ziwa hili kuna kisiwa, na jina lake rasmi, lililoandikwa na serikali kwenye vibao, ni Kisiwa cha Mchawi. Watu wamekuwa wakilipa boti kwenda kumtembelea. Kuna na gogo linaloelea wima kama mtu aliyesimama majini, limeonekana tangu 1896, na huzunguka ziwa zima linavyotaka. Wanaliita Mzee wa Ziwa. Mwaka 1988 wanasayansi waliokuwa na nyambizi ndogo waliogopa kugongana naye, wakamfunga kamba. Wanasimulia kwamba hali ya hewa ikachafuka papo hapo, wakamfungua, mbingu ikatulia. Wana shahada zao, lakini walimfungua. Sisi tungemfungua siku ya kwanza, tena kwa kuku mweusi.

Najua Mjomba atauliza: na maziwa ya kasoko ya kwetu je? Ziwa Chala, pale Rombo? Na Ngozi ya Mbeya? Na Duluti? Sijawahi kufika hata moja. Duluti nimelipita mara nyingi kwenye basi la Arusha, nimelala mdomo wazi. Huku nawaambia watu nimekulia karibu na Kilimanjaro. Kilomita zaidi ya 200 ni karibu, ukiwa mbali.

La mwisho. Tulikwenda na jirani zetu Wazigua, wale ambao mababu zao walipelekwa Somalia utumwani karne ya 19 na Marekani ikaanza kuwapokea mwaka 2003. Bibi yao hajawahi kuiona Handeni, ila Kizigua chake kimenyooka kuliko changu, mimi nilichojifunza kwa kutukanwa tu. Tulimkalisha kwenye kiti cha kukunja pale ukingoni, blanketi magotini. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema neno moja: "Mazi."

Kitinda mimba akarudia, "Mazi," akacheka, akarudia tena. Mimi nikawa na shughuli ya kutafuta kitu kwenye buti la gari.

Niliporudi yule bibi akaniuliza kama kule kaya nako yapo mengi namna hii. Nikamwambia yanatoka Jumanne na Ijumaa. Akatikisa kichwa, ameridhika kabisa.

Mama, wiki hii yametoka? Kama yametoka, jazeni na lile pipa la buluu lililopasuka mdomo. Lifunikeni na sinia tu, halina ulimi.