Dimbwi Lisilokauka

Mwaka ule dagaa na migebuka walihama ufukweni, wakazama kilindini. Wanyama wakakutana Mwanga, kati ya Kigoma na Ujiji, kabla pale hapajajengwa nyumba hata moja.

Mamba akasimama. "Tuseme madimbwi yote ya Malagarasi hukauka. Basi perege wa mwaka huu wametoka wapi? Haiwezekani. Kwa hiyo lipo dimbwi lisilokauka."

Baraza likashangilia.

"Shikamoo mzee," akasema Fisi Maji. "Liko wapi?"

"Marahaba. Nimekwisha kuthibitisha kwamba lipo."

"Umethibitisha kwamba hayawezi kukauka yote, na hilo nalikubali. Lakini madimbwi hayana mwisho, na wanangu wana njaa. Nikifika mtoni, nishike mkono gani?"

"Kila dimbwi ama hukauka ama halikauki!"

"Hata lile ambalo hakuna ajuaye namna ya kulipima?"

Fisi Maji mwenyewe alikuwa amepata kiti barazani kwa kuthibitisha kwamba ukikoroga maji ya kibuyu, lipo walau tone moja linalorudi pale pale lilipokuwa. Hakuwahi kulionyesha. Swali lake la leo lilimshitaki hata yeye, na hapo ndipo ninapompenda.

Mamba akaghadhibika. Kumnyang'anya kauli ile, alisema, ni kumng'oa meno. Jioni ile Fisi Maji akaondolewa barazani.

Ndiyo safari ya mwanahisabati L.E.J. Brouwer wa Uholanzi. Teoremu iliyompa jina ilikuwa ya tone lile la kibuyuni. Naye ndiye aliyeandika, mwaka 1908, kwamba kanuni ya "ama ndiyo ama siyo" haitegemeki tukiipeleka kwenye mambo yasiyo na ukomo. David Hilbert, bingwa wa Göttingen, alijibu kwamba kumnyima mwanahisabati kanuni hiyo ni kumkataza bondia ngumi zake. Mwaka 1928 akamtoa Brouwer kwenye bodi ya jarida la Mathematische Annalen. Ugomvi wao ulikuwa na mengine, lakini swali la "liko wapi" lilitoka mlangoni pamoja na mwulizaji.

Miaka ikapita. Akaja Mdiria, ndege mdogo. Aliruka dimbwi hadi dimbwi, akarudi na njia: kutoka Ujiji elekea kusini hadi mdomo wa mto, vuka matete mara nne. Mengi aliyoyasema Mamba, yeye aliyarudia yakiwa na njia zake. Ndivyo Errett Bishop wa Marekani alivyofanya katika kitabu chake cha 1967: alijenga upya sehemu kubwa ya hisabati ya uchanganuzi, asiseme "lipo" pasipo kutoa hatua za kulifikia.

Baraza halikumpinga Mdiria. Lilimsifu, kisha likarudi kumshangilia Mamba. Kwangu mimi hilo lilikuwa zito kuliko kufukuzwa, maana Fisi Maji angalau walimsikia.

Usiku mjukuu wa Mamba alishuka ufukweni peke yake, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo babu Mdiria. Baada ya matete, kushoto au kulia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kushoto. Hesabu hatua arobaini, ukisikia vyura umefika."