Waziri Ngawa na Matuta ya Mlimani

Palikuwa na Simba, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, aliyeitawala milima ya Uluguru na uwanda wote hadi Kisaki, pale mto Mgeta unapoiacha miamba na kwenda polepole kuonana na Ruvu. Simba huyo hakuwa mjinga, wala hakuwa katili kuliko simba wengine. Kilema chake kilikuwa kimoja, kupenda kuambiwa lile alilokwisha kuliwaza. Walimzunguka mbega, mabwana wa ukoo wenye majoho meusi yaliyotiwa nyeupe mabegani, na katikati yao akapenya Ngawa, asiye na ukoo wala joho, ila harufu ya zabadi yake ilimtangulia katika kila baraza, hata akapewa uwaziri.

Siku moja Simba aliutazama mto ukishuka na tope jekundu, akaamuru milima ikatwe matuta ya ngazi, bondeni hadi kileleni, ili udongo usichukuliwe na maji. Hofu yake ilikuwa ya kweli, maana udongo ulikuwa ukienda. Fuko, aliyezaliwa ndani ya udongo ule na ndiye atakayezikwa humo, alitoka shimoni, akaomba radhi, akasema, "Bwana mkubwa, rutuba ya huku ni ngozi nyembamba, ukiipindua, mahindi utayapanda juu ya mfupa." Hakuachwa amalize. Ngawa alikuwa amekwisha kutunga kanuni, na mbega wameipitisha kwa kuinamisha vichwa, kwamba amchukizaye Simba mara moja hasikilizwi mara ya pili. Fuko akarudishwa mlimani na jembe begani.

Hapo barazani ndipo ilipoanza kazi kubwa. Mbega walishinda wakigombania nani asimame ngazi ya ngapi siku Simba atakapokuja kuyatazama matuta. Aliyepangiwa ya tatu alilia, aliyepangiwa ya nne akashikwa na homa, na wake zao wakaacha kusalimiana. Ngawa akatuma wajumbe wapime kwa kamba upana wa matuta, si urefu wa mahindi, na kila jioni akamsomea Simba hesabu ya kamba. Mahindi yalipotoka manjano, alisema yamewahi kukomaa. Wachimbaji waliponung'unika, alisema wanaimba. Simba akalala usingizi mzuri, na wanaolala njaa wakaamshwa alfajiri kuchimba.

Mvua za vuli zilipoanza, Korongo alitua barazani, mbawa zimemlegea kwa safari ya kutoka kaskazini. Akawasimulia habari za kisiwa cha baridi, ambako mfalme alikuwa na waziri mwana wa mhunzi, hodari wa kuyageuza matakwa ya bwana wake kuwa sheria, ikiwemo sheria ya kumhukumu mtu bila kumpa nafasi ya kujitetea. Waziri huyo alimshauri mfalme juu ya mke wa nne. Ikaletwa picha, mfalme akaipenda picha, bibi alipofika mwenyewe hakumpenda. Mabwana wa ukoo, waliomwonea waziri kijicho miaka mingi, wakaona mlango umefunguka. Juni 1540 alikamatwa, akahukumiwa kwa sheria ile ile pasipo kusikilizwa, na tarehe 28 Julai akakatwa kichwa, siku hiyo hiyo mfalme akioa mke wa tano.

Mbega walitazamana. Ngawa aliuliza waziri huyo alikuwa akijipaka manukato gani.

Mwaka 1955, upande wa Matombo, wachimbaji waliweka majembe chini wakakusanyika kwa maelfu ya sauti, na katika vurugu ile mmoja wao akaanguka asiinuke tena. Matuta yakaachwa. Simba akauliza kwa nini hakuambiwa mapema, na mbega wote, hata walioshika kamba, wakamwonyesha Ngawa kwa kidole. Ngawa akaomba neno moja tu. Wakamsomea kanuni yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya taratibu, kisha wakamtoa.

Kesho yake waliletwa watatu wa kurithi kiti, na kila mmoja akaulizwa shauri lake juu ya udongo wa Uluguru. Wa kwanza alisema aulizwe Fuko. Wa pili aliomba muda akaone mashamba. Wa tatu alimgeukia Simba, akauliza kwa unyenyekevu, "Bwana mkubwa mwenyewe anaonaje?" Mbega wakamsogezea kiti.