Sikukuu ya Uhuru

Hakuna sikukuu inayoenzi uhuru kama Pasaka ya Kiyahudi. Usiku wa kwanza familia huketi mezani, husoma Hagada, kitabu cha simulizi ya kutoka Misri, hunywa vikombe vinne vya divai na kuegemea upande wa kushoto, kama waungwana wa kale walivyokula. Mtumwa haegemei, huenda ndiyo maana mama mwenye nyumba amesimama.

Si kwamba amesahauliwa. Wiki kadhaa kabla, amekabidhiwa heshima ya kuisaka chachu, isiyoruhusiwa siku hizo, katika kila ufa: droo zimwagwe, oveni isuguliwe, vyombo vya mwaka mzima vifungiwe kabatini. Usiku mmoja kabla ya sikukuu kuanza baba hujitokeza kukagua, mkononi ana mshumaa, unyoya na kijiko cha mbao. Hukuta vipande kumi vya mkate, vilivyofichwa makusudi asije akatoka mikono mitupu. Hupongezwa sana.

Farao, aliyewatumikisha Waisraeli kule Misri, alidai matofali tu. Hata alipowanyima watu majani ya kuyatengenezea, hakuuliza kuna nini nyuma ya friji.

Mkate usiotiwa chachu huokwa ndani ya dakika 18 tangu maji yaguse unga, kuwakumbuka Waisraeli waliotoka Misri mbio. Supu ya kuku, samaki na harosethi ya tufaha, njugu na divai, mfano wa udongo wa matofali, havina mbio hizo.

Kisha mtoto mdogo huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mwingine wote. Baba hujibu kwa kirefu, ameegemea. Mama naye ana jibu, ila bomba la jikoni limefunguliwa na jibu lake halisikiki vizuri.