Kikao cha Usiku Dukani kwa Mama Shani

Mama Shani alifunga duka saa nne usiku, akatia kufuli mbili, akaondoka na mauzo yake kwenye mkoba. Duka lenyewe ni fremu ya chumba kimoja, Tandika, upande wa barabarani wa nyumba ya kupanga; mwenye nyumba, Mzee, anaishi uani. Waliobaki ndani ni Mzani wa kaunta, Daftari la madeni lisilo na jalada, Friji la vioo lililokuja kwa meli kutoka Uingereza, na Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ukutani. Panya naye alikuwepo, ingawa hakualikwa. Kikao kiliitishwa na Friji.

FRIJI: Ndugu wajumbe, ajenda ni moja. Leo Mama amenunua umeme wa elfu kumi. Nimemwona kwa macho yangu. Zimeingia uniti 23 na pointi nane. Kwa bei yetu ya shilingi 356 kwa uniti, elfu kumi ni uniti 28. Hizo nne na ushee zimekwenda wapi? Uniti nne ni ubaridi wangu wa siku nzima!

MITA: Anza na salamu, dada. Kuna wazee humu.

FRIJI: Shikamoo, babu Mzani.

MZANI: Marahaba. Endelea, ila usingurume, majirani wamelala.

MITA: Hakuna kilichopotea. Hiyo ni kodi ya majengo. Nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa, 7,500 kwa kila sakafu. Ndivyo ilivyo tangu Julai 2023. Tulipoanza kuikata kwenye LUKU, Agosti 2021, ilikuwa elfu moja kwa nyumba ya kawaida na elfu tano kwa sakafu. Halafu ndani ya bei ya umeme wenyewe kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) tatu, ya mdhibiti wa nishati (EWURA) moja. Yote yameandikwa kwenye meseji. Tatizo lenu hamsomi meseji.

FRIJI: Kodi ya majengo? Mama Shani ana jengo?

MITA: Hana jengo. Ana mimi.

MZANI: Jibu zuri hilo. Liandikwe.

DAFTARI: Nimeliandika, ukurasa wa mwisho, baada ya deni la mafuta ya taa.

MITA: Msinichukie bure. Mimi sikati kitu. Kinakatwa huko huko kwenye mfumo kabla hakijanifikia. Mimi napokea tarakimu 20, nazimeza, natoa umeme. Nikiulizwa nani kakata, sijui. Nikiulizwa kwa nini, sijui vilevile.

(Hapa Mita hakudanganya. Ndiyo raha ya mfumo: kila aliyemo ndani yake ana mikono safi.)

MZANI: Wewe kijana, umekuja juzi. Mimi nipo hapa tangu enzi za marehemu baba yake Mama Shani. Zamani kodi hii ilikuwa ya manispaa. Alikuwa anakuja kijana na bahasha ya kaki, anauliza mwenye nyumba yuko wapi. Mwenye nyumba akisikia tu mlio wa geti, anaingia chooni, anakaa humo mpaka kijana achoke. Mwaka 2016 kazi wakapewa TRA, mamlaka ya mapato. Bahasha ikabadilika nembo, choo kikabaki kilekile. Ndipo wakubwa wakakaa wakajiuliza: ni mtu gani katika nyumba hawezi kujificha chooni?

PANYA: Anayehitaji taa.

MZANI: Umesema. Na nani anahitaji taa kuliko mwenye duka?

MITA: Lakini babu, kubali kwamba makusanyo yamekuwa mepesi. Hakuna bahasha, hakuna foleni, hakuna rushwa ya soda.

FRIJI: Soda zangu zimeguswaje tena?

MZANI: Nakubali ni mepesi. Hata mwizi wa mfukoni kazi yake ni nyepesi kuliko ya jambazi. Mimi nauliza mzigo umemwangukia nani.

MITA: Mzigo gani, shilingi 1,500? Hicho ni kiwango cha huruma. Hakuna mthamini anayekuja kupima kuta zako. Nyumba ni nyumba.

MZANI: Hapo ndipo unaponikera. Mimi kila mwaka napelekwa kwa watu wa Wakala wa Vipimo, nikaguliwe, nipigwe mhuri, Mama alipe ada, kuhakikisha gramu yangu ni gramu. Nikizidisha kidogo tu, faini. Halafu serikali hiyohiyo inakwenda Mbezi Beach, inakuta nyumba ya chini, vyumba saba, bwawa la kuogelea, mbwa wanne, inasema elfu kumi na nane. Inakuja Tandika, inakuta vyumba vitatu vya bati lenye kutu, inasema elfu kumi na nane. Mzani unaotoza nazi na gunia bei moja, mimi ningeupeleka mahakamani.

DAFTARI: Na kwenye kodi ya mapato mbona udogo wanaujua! Mauzo yakiwa chini ya milioni nne kwa mwaka, mfanyabiashara mdogo hatozwi. Ukivuka, kuna ngazi: wa milioni saba, wa milioni kumi na moja, kila mmoja na chake. Wakifika kwenye jengo, ngazi hawaioni tena, labda iwe ya ghorofa.

MITA: Nafuu zipo! Mzee wa miaka 60 na kuendelea, asiye na kipato, nyumba yake ya kuishi inasamehewa. Mlemavu vilevile. Nendeni mkaombe.

MZANI: Nani akaombe? Mama Shani ana miaka 41 na haishi humu. Unamsamehe mzee mwenye nyumba, sawa, heshima yake. Aliyekodi fremu humuoni kabisa.

MITA: Mpangaji naye ana haki yake. Serikali ilisema wazi tangu mwanzo: kodi ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa kwenye LUKU, wakae wakubaliane, aitoe kwenye pango.

(Daftari alicheka mpaka kurasa mbili zikachomoka.)

DAFTARI: Wakae wakubaliane! Mimi nilikuwepo, nilikuwa juu ya kaunta. Mwezi wa sita, Mzee amekuja na kandambili zake kuchukua sukari. Mama akatoa simu, akamwonyesha meseji za LUKU, moja moja. Akasema, "Baba, hii ni kodi ya nyumba yako, nimeilipa mimi mwaka mzima. Elfu kumi na nane. Naomba tuipunguze kwenye pango la mwezi ujao." Mzee akavaa miwani. Akazisoma zote, kwa utulivu, mpaka namba za tokeni. Akarudisha simu. Akasema, "Mwanangu, kwani umeme humu nautumia mimi?"

FRIJI: Mama akajibuje?

DAFTARI: Akampimia sukari kilo mbili. Julai pango likapanda kwa elfu ishirini.

FRIJI: Kwa kosa gani?

DAFTARI: Maisha yamepanda, alisema. Na mnakumbuka ile asilimia kumi? Mama alipokwenda TRA kukadiriwa, wakamwambia: wewe unafanya biashara, ukimlipa mwenye fremu pango, zuia asilimia kumi, uilete kwetu, hiyo ni kodi yake. Mama akarudi, akamweleza Mzee kwa adabu zote. Mzee akasema pango lake analitaka kamili, hiyo asilimia ni baina ya Mama na hao waliomtuma. Basi Mama analipa pango kamili, na asilimia kumi juu yake. Kodi mbili za mtu mmoja zinatoka kwenye droo ya mwingine.

MZANI: Na akikataa?

PANYA: Akikataa, kuna kijana wa vifaa vya simu amekwishaulizia hii fremu mara tatu. Mimi nasikia, napita darini.

(Kimya kidogo. Friji alijizima na kuwaka, kama anavyofanya akitaka kusikilizwa.)

FRIJI: Kule kwetu Leicester...

MZANI: Tumeanza.

FRIJI: Kule kwetu Leicester, babu, kodi ya jengo la biashara anatozwa anayelitumia, hakuna kuzungushana. Lakini duka dogo linahurumiwa. Wanakadiria jengo lingepangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka. Likiwa halizidi pauni 12,000, na wewe huna duka jingine, hulipi hata peni. Kati ya 12,000 na 15,000 unapunguziwa kidogo kidogo. Hivyo tangu 2017. Bosi wangu alikuwa muuza chipsi. Alikuwa halipi kitu!

MITA: Nchi nzuri. Sasa wewe umekujaje Tandika, ndani ya kontena, na mlango uliobonyea?

FRIJI: Duka lilifungwa.

MITA: Na kodi halipi?

FRIJI: Mwenye jengo alijua kwamba bosi halipi kodi. Mkataba ulipoisha akasema, kwa kuwa huku umesamehewa, huku unaweza kuongeza kidogo. Akaongeza. Bosi akahesabu, akaona msamaha wote umehamia mfuko wa pili. Akaniuza.

MZANI: Kumbe hata Wazungu wana Mzee wao mwenye kandambili.

FRIJI: Yeye alivaa viatu.

DAFTARI: Mimi nisiwaseme sana watu wa mbali. Nina kesi ya hapahapa. Machi mama mdogo wake Mama alifariki Tanga. Duka likafungwa Machi, likafungwa Aprili. Mei amerudi, mfukoni amebakiza elfu tano. Akanunua umeme ili angalau Friji awake, auze maji ya baridi.

FRIJI: Usinikumbushe.

DAFTARI: Kodi ilikuwa imejikusanya miezi mitatu, 4,500. Zikabaki 500. Bwana Mita akatoa uniti moja na pointi nne. Duka halikuuza hata kiberiti miezi miwili, lakini jengo lilikuwa limesimama, na jengo likisimama linadaiwa.

FRIJI: Niliwaka saa chache nikazima. Nilitokwa na maji sakafu nzima, maziwa yakaganda. Mteja akasema nanuka.

MITA: Pole. Mfumo hauna sehemu ya kuandika msiba.

PANYA: Samahani, wajumbe. Mimi si mlipakodi, najua. Ila nina swali. Mita ya uani, ya kwa Mzee, mbona haikatwi?

MITA: Unajuaje?

PANYA: Nalala nyuma ya kabati lake. Mkewe akinunua umeme husoma meseji kwa sauti. Ile safi kabisa. Kodi ya jengo haimo.

MITA: Ah... hiyo ni utaratibu. Nyumba moja ikiwa na mita zaidi ya moja, kodi inakatwa kwenye mita moja tu, ili isilipwe mara mbili. Hiyo nayo ni nafuu. Watu walilalamika sana mwanzoni, ikarekebishwa. Mwenye nyumba anakwenda, anaonyesha mita ipi ibaki.

MZANI: Na katika nyumba hii alikwenda nani?

MITA: Mwenye nyumba.

MZANI: Akaonyesha mita ipi?

MITA: Babu, hayo ni mambo ya mteja na...

MZANI: Ipi?

MITA: Mimi.

(Ilibidi Friji aombwe tena asingurume.)

FRIJI: Kwa hiyo chumba hiki kimoja kinalipia nyumba nzima! Na chumba cha Mzee, na jiko, na kile choo cha kujificha!

MITA: Kisheria nyumba imelipiwa. Kumbukumbu zinasoma vizuri. Mzee ni mlipakodi mwema.

DAFTARI: Mlipakodi mwema yuko kwangu, ukurasa wa 14 mpaka 17. Sukari, mchele, sigara, betri za redio, sabuni ya mche. Jumla 31,500. Mama hamdai. Kila akitaka kufungua mdomo, anaikumbuka fremu.

FRIJI: Basi dawa ipo! Mzee anadaiwa dukani, Mama anamlipia kodi. Tufanye kama serikali. Wala asibembelezwe, wala asiandikiwe barua. Kila mwezi Mzee akija kununua sukari, akatwe 1,500 hukohuko kwenye kaunta kabla hajapimiwa. Babu Mzani, wewe ukate.

MZANI: Mimi niko tayari. Gramu mia kadhaa hivi, hatahisi.

MITA: Naunga mkono. Ndiyo njia ya kisasa.

DAFTARI: Shida iko moja. Huyo hanunui, anakopa.